Bafu la mzazi: marumaru zisizoteleza

Mfanyabiashara akipata faida, humjengea mzazi bafu la kisasa. Shida huanzia kwenye marumaru zinazong'aa kama kioo: zikilowa maji ya sabuni huteleza, na mzee akivunjika nyonga huenda asitembee tena.

Za kung'aa zipandishwe ukutani. Sakafuni vinafaa vigae vidogo vyenye ukwaruzo, rangi tofauti na ya ukuta, maana macho ya uzeeni huchanganya. Vinapendeza pia, pengine kuliko kioo.

Kizingiti kiondolewe. Fundi ainamishe sakafu sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na aambiwe kabla hajabandika kigae cha kwanza. Chuma cha kujishikia kifungwe hadi ndani ya tofali. Cha taulo hakibebi mtu. Abaki na kibenchi cha zege na bomba la mkononi.

Vigae hutengenezwa Kajiado na Chalinze. Bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, huvuka Namanga bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili. Kodi nyingine zipo palepale, hivyo uliza kabla ya kupakia.