Malaria na Dawa Zake: Mambo Yaliyoonekana Muheza

Kila mkulima wa pwani ya Tanga ajua ya kuwa mvua za masika huleta mambo mawili pamoja: magugu shambani na homa nyumbani. Mtu akilala kitandani siku tano wakati wa palizi, mahindi yake hayamngoji. Na mama akiuguza mtoto, jembe hubaki ukutani. Kwa hiyo habari ya malaria si ya waganga peke yao. Ni habari ya shamba na ya chakula cha mwaka mzima.

Katika karatasi hii twataka kukueleza kwa nini dawa iliyomponya baba yako haimponyi mwanao, na ni jambo gani likupasalo wewe mwenyewe ili dawa tulizo nazo sasa zisiharibike. Habari hizi hazikutoka mbali. Nyingi zilionekana katika wilaya ya Muheza, kati ya mji wa Tanga na milima ya Usambara.

Asili ya ugonjwa

Malaria haitoki katika maembe mabichi, wala katika kunyeshewa na mvua. Huletwa na vijidudu vidogo mno, visivyoonekana ila kwa darubini, ambavyo hukaa katika damu ya mtu na kuiharibu. Mbu jike wa aina ya anofelesi akimwuma mgonjwa, huvinywa pamoja na damu. Navyo hukua tumboni mwake, hata baada ya siku kumi hivi au zaidi akimwuma mtu mwenye afya, humtia vijidudu hivyo. Ronald Ross alivikuta katika mbu huko India mwaka 1897, na tangu hapo ikajulikana ya kuwa adui ni mbu.

Amani na mti wa kwinini

Dawa ya kwanza iliyojulikana sana kwa malaria ilikuwa kwinini. Hutoka katika gome la mti uitwao sinkona, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini na gome lake.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha chuo cha mimea na kilimo huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, wakapanda miti ya namna nyingi, na sinkona miongoni mwao. Vita Kuu ya 1914 ilipofunga njia za bahari, gome la miti hiyo lilitumika kutengenezea kwinini ya askari. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ya kilimo ilihamishiwa Muguga katika Kenya, na nyumba za Amani zikawa za wachunguzi wa malaria. Kazi hiyo yaendelea hata leo, Muheza na Tanga, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Jambo lililotokea Mkuzi

Katika miaka ya kwanza ya 1950 ilipatikana dawa mpya, jina lake pirimethamini. Ikadhaniwa ya kuwa watu wote wa mahali pamoja wakiimeza mara kwa mara, wagonjwa na wazima, malaria itakoma. Basi watu wa Mkuzi, karibu na Muheza, wakapewa dawa hiyo kila mwezi.

Haikupita miezi mingi, wachunguzi, mmoja wao Daktari David Clyde, wakaona kwa darubini ya kuwa damu ya watu waliokwisha kumeza dawa ingali na vijidudu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1954. Vijidudu vya Mkuzi vilikuwa vimekwisha kuwa sugu. Na baadaye usugu huo ulionekana hata katika vijiji vya kando, ambavyo watu wake hawakupewa dawa. Jambo hili lafaa kukumbukwa: mbu hatambui mpaka wa kijiji, na kosa la mahali pamoja huwafikia majirani.

Namna dawa inavyoshindwa

Mkulima hawezi kushangaa akielezwa sababu yake, kwa maana yeye mwenyewe hufanya kazi ya namna hiyo kila mwaka. Wakati wa mavuno huchagua magunzi yaliyo mazuri, akayatunza kwa mbegu. Na kwa kuchagua hivi mwaka baada ya mwaka, shamba lake lote hufuata namna ile aliyoichagua.

Dawa nayo huchagua mbegu. Katika maelfu ya maelfu ya vijidudu vilivyo katika damu, huenda vikawapo vichache vilivyozaliwa na tofauti kidogo, ambavyo dawa haiviui. Dawa ikiingia, vile dhaifu hufa, na hivi vichache hubaki peke yao, vikazaana. Mbu huja akavichukua, akavipanda katika damu ya mtu mwingine. Dawa yenyewe haikupungua nguvu. Vijidudu ndivyo vilivyobadilika.

Tena, mtu akimeza nusu ya dozi, ni kama kupalilia nusu ya shamba na kuacha magugu yenye mizizi mirefu. Vile vijidudu ambavyo dozi kamili ingaliviua, hupata nafasi ya kupona na kuzaana.

Kwa sababu hii dawa zetu zimepita moja baada ya moja. Klorokwini ilitumika miaka mingi, lakini tangu mwisho wa miaka ya 1970 vijidudu sugu kwake vilionekana katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kwa tiba ya kwanza ya malaria. Mahali pake ikawekwa SP. Lakini SP ina dawa mbili ndani yake, na moja ni pirimethamini, ile ile iliyoshindwa Mkuzi. Maisha yake yakawa mafupi, na mwaka 2006 ikaondolewa katika tiba ya kwanza, ikafuatwa na dawa ya mseto, iitwayo ALu. SP yaendelea kupewa mama wajawazito kliniki kwa kuwakinga, nao wasiikatae.

Watoto 1,811 wa Muheza

Dawa ya mseto haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kati ya mwaka 2002 na 2004 watoto 1,811 wenye malaria waligawanywa Muheza katika makundi manne, kila kundi na dawa yake, kisha damu yao ikapimwa tena. Katika siku ya 14, kati ya kila watoto 100 waliopewa amodiakwini peke yake, 42 dawa ilikuwa imeshindwa kuwasafisha. Waliopewa amodiakwini pamoja na SP, walioshindwa ni 20. Waliopewa amodiakwini pamoja na artesuneti, ni 11. Waliopewa ALu, alikuwa mmoja tu.

Nguvu ya mseto yatokana na dawa mbili zisizofanana: kijidudu kikiiponyoka ya kwanza, ya pili hukikuta. Moja ya dawa hizo hutoka katika mmea wa artemisia, ambao Tu Youyou wa China aliuchunguza katika miaka ya 1970, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini usidhani ya kuwa kuchemsha majani ya artemisia na kuyanywa ni sawa na kumeza vidonge. Nguvu iliyo katika majani ni kidogo na haina kipimo, na dawa kidogo ndiyo ifundishayo vijidudu kuwa sugu.

Kupima kabla ya kumeza

Si kila homa ni malaria. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa vema, waliokuwa na vijidudu ni 46 tu katika kila 100. Wale wasio na vijidudu walikufa zaidi: 12 katika 100, na wenye malaria 7 katika 100, kwa maana wengine walikuwa na maradhi mengine yaliyotaka dawa nyingine, nao hawakupewa. Basi ajitibuye bila kupimwa hupoteza dawa, na pengine hupoteza roho.

Kwa malaria kali nako Muheza ilitoa mafunzo. Hospitali ya Teule ilikuwa miongoni mwa hospitali za nchi 9 za Afrika zilizolinganisha sindano ya artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: waliopewa kwinini walikufa karibu 11 katika 100, na waliopewa artesuneti kama 8 na nusu. Lakini hata sindano iliyo bora haimsaidii mtoto aliyechelewa kuletwa.

Mifugo nayo

Sheria hii haibadiliki kwa mnyama. Katika ranchi ya Mkwaja, kusini ya Pangani, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000, maelfu ya ng'ombe wa Boran walifugwa penye mbung'o wengi kwa kuchomwa sindano za kuzuia nagana mara kwa mara. Miaka ilipopita sindano hazikutosha tena, ikabidi kumshambulia mbung'o mwenyewe kwa kuwaogesha ng'ombe dawa ya kuua wadudu. Mfugaji wa mbuzi wawili au kuku kumi asidhani jambo hili halimhusu. Dawa ichanganywayo kwa kukisia katika maji ya kuku huchagua mbegu ya vijidudu vile vile.

Mambo yakupasayo

1. Homa ikianza, nenda zahanati siku ile ile, upimwe damu. Usingoje palizi iishe.

2. Ukiambiwa huna malaria, usidai dawa ya malaria wala usiende kuinunua dukani. Uliza homa hiyo ni ya nini.

3. Ukipewa ALu, meza dozi zote 6 kwa siku 3: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zifuatazo. Kuona nafuu siku ya pili si kupona.

4. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama wali wa nazi, maziwa, au uji wa karanga. Bila mafuta, mwili haupokei dawa vizuri.

5. Vidonge hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Usimgawie mwenzio, wala usiweke akiba ya homa nyingine.

6. Mtoto akitapika punde baada ya kumeza, mrudishe apewe dozi nyingine. Akishindwa kunyonya, akizimia au akipata degedege, mpeleke hospitali upesi, usiku au mchana.

7. Lala katika chandarua chenye dawa kila usiku, na watoto na mama wajawazito watangulie. Chandarua si cha kuvulia dagaa wala cha kufunikia bustani. Asiyeumwa na mbu hahitaji kidonge.

8. Usimpe mnyama dawa bila kumwuliza bwana mifugo, na usiuze wala usinywe maziwa yake kabla ya siku alizokuambia kwisha.

Katika miaka ya karibuni wachunguzi wamekuta mkoani Kagera vijidudu vyenye dalili za kuzoea artemisinini, ambayo ni nguvu ya dawa ya mseto. Dawa mpya huchukua miaka mingi kupatikana, na mvua za masika haziingoji. Mwaka huu dawa ya mseto ingali ikiponya katika pwani yetu. Itaendelea kuponya kwa muda gani, ni juu ya kila nyumba yenye mgonjwa.