Kujiamini

Kujiamini ni hali ya mtu kuwa na hakika kwamba anaweza kufanya jambo fulani, kama vile kuogelea, kutetea hoja au kukokotoa hesabu. Kujithamini ni kitu kingine, ingawa maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi: ni jinsi mtu anavyoiona thamani yake mwenyewe, hata pale anaposhindwa. Fundi anaweza kujiamini sana mbele ya injini iliyoharibika, lakini akajiona si kitu mbele ya wakwe zake.

Mwanasaikolojia William James wa Marekani aliandika mwaka 1890 kwamba kujithamini hutegemea uwiano kati ya mafanikio ya mtu na matarajio yake. Mwaka 1902 Charles Horton Cooley aliongeza nafasi ya watu wengine: mtu hujitazama kama katika kioo, akiwaza jinsi wenzake wanavyomwona na kumhukumu, ndipo anapoona fahari au aibu.

Shuleni

Shule ya sekondari ya Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, hupokea wanafunzi wa kidato cha tano waliochaguliwa kutoka shule nyingi. Katika shule za namna hiyo, aliyekuwa wa kwanza kwao anaweza kujikuta wa thelathini. Akili yake haijapungua. Waliobadilika ni wale anaojilinganisha nao. Herbert Marsh alilichunguza jambo hilo katika makala ya mwaka 1987, akilifananisha na samaki aonekanaye mkubwa kwa sababu tu bwawa lake ni dogo.

Tatizo lingine ni lugha. Nchini Tanzania shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Mtoto aliyejibu bila woga darasa la saba anaweza kunyamaza kidato cha kwanza, kwa kuwa kosa moja la sarufi huamsha kicheko. Mwalimu hudhani hajui, anaacha kumwuliza, na mtoto mwenyewe anaanza kusadiki kwamba kweli hajui. Mara nyingi inatosha kumruhusu ajibu kwanza kwa Kiswahili ili ionekane alijua tangu mwanzo.

Katika *Elimu ya Kujitegemea* (1967), Julius Nyerere alitaka shule zimpe kijana imani ya kuwa yeye ni raia huru aliye sawa na wengine, anayethaminiwa kwa anachofanya, si kwa anachopata.

Jinsi wengine wanavyopokea

Anayejiamini hapokewi vizuri daima. Huambiwa anajidai, anajisikia au ana kimbelembele, na wasichana huambiwa hivyo upesi kuliko wavulana. Lakini majivuno ni kitu tofauti. Morris Rosenberg, aliyetunga mwaka 1965 kipimo cha kujithamini chenye sentensi 10, alieleza kwamba anayejithamini hujiona anafaa, bila kujiona bora kuliko wengine.

Kinyume chake pia hutokea. Mtoto anayeinamisha macho anapoongea na mkubwa huonekana na mgeni kuwa hajiamini, kumbe anaonyesha adabu aliyofundishwa nyumbani. Mtazame akiwa na wenzake uwanjani.