Mama Daktari wa Lacor

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kumpandisha mgonjwa katika milima yetu hii mpaka hospitali ya Litembo, wajua jinsi moyo unavyotulia unapoona taa za wodi. Mgonjwa anapokewa, nawe unakwenda kutafuta kuni na maji ya kupikia uji. Lakini je, umewahi kujiuliza yule aliyempokea mgonjwa wako amemwacha nani nyumbani kwake usiku huo?

Hospitali nyingi za misioni zilisimamishwa na watu waliotoka mbali. Leo nataka kukusimulia habari za mmoja wao. Hakufanya kazi huku kwetu Umatengo bali kaskazini ya Uganda. Nimemchagua kwa sababu alikuwa daktari, na tena alikuwa mama mwenye mtoto.

Jina lake Lucille Teasdale. Alizaliwa Montreal, nchini Kanada, mwaka 1929, katika nyumba yenye watoto saba. Alipokuwa msichana bado shuleni, alisikia masista waliotoka China wakieleza kazi yao, akaazimu kuwa daktari. Alimaliza chuo kikuu mwaka 1955. Alitaka hasa upasuaji, lakini hospitali za Marekani alizoziandikia zilimkataa, maana siku zile mwanamke kushika kisu cha upasuaji lilikuwa jambo geni. Basi akaenda Ufaransa kumalizia masomo yake.

Ndipo daktari mmoja Mwitalia, Piero Corti, waliyejuana Montreal, alipomwomba aje kumsaidia Lacor, karibu na mji wa Gulu. Hospitali hiyo ilifunguliwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959, ikiwa ndogo tu. Alimwomba miezi miwili. Mshahara hakuwa nao; aliahidi nauli ya ndege na sigara zake. (Usicheke, msomaji, bibi huyu alikuwa mvutaji.) Alifika mwaka 1961, na miezi ile miwili ikawa miaka 35.

Desemba ya mwaka huo huo walifunga ndoa pale pale katika kanisa la hospitali. Mwaka 1962 wakajaliwa binti, Dominique. Kwa Kiacholi aliitwa Atim, yaani aliyezaliwa mbali na kwao. Asubuhi mama yake aliona wagonjwa wa nje, mchana akaingia chumba cha upasuaji. Hesabu yake inatajwa kuwa watu 13,000 aliowapasua. Gawanya kwa miaka 35 uone: ni zaidi ya mtu mmoja kila siku, Jumapili zikiwamo. Na mtoto? Mtoto alikua kati ya wodi na wodi, akimgawana mama yake na watu asiowajua. Wanaosifu kazi ya bibi huyu huliruka jambo hili haraka, lakini sisi wenye watoto hatuwezi kuliruka.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1979 jeshi letu la Tanzania lilipomwondoa Idi Amin, na katika mapigano ya miaka iliyofuata, majeruhi waliletwa Lacor kwa wingi. Mfupa uliopasuliwa na risasi una ncha kali kama kigae. Daktari akitia mkono jerahani kutoa vipande vyake, humkata vidole, na glavu haifui dafu. Wakati ule virusi vya UKIMWI havijajulikana. Mwaka 1985 bibi Lucille alipimwa, akakutwa navyo.

Angeweza kukaa Ulaya, na nani angemlaumu? Alirudi Lacor, akaendelea kupasua kwa uangalifu mkubwa. Nguvu zilipompungukia aliweka kisu chini, lakini wagonjwa aliendelea kuwaona. Wakati huo waasi walizunguka vijiji vya Gulu, na watu kwa maelfu, akina mama na watoto migongoni, walikuja kulala ndani ya ua wa hospitali. Alifariki Italia tarehe 1 Agosti 1996, miaka 11 baada ya kuambiwa habari ya ugonjwa wake. Mwili wake ulirudishwa Lacor.

Bintiye naye alisomea udaktari, na baadaye akashika uongozi wa mfuko ambao wazazi wake waliuanzisha kuisaidia hospitali ile. Siwezi kukuambia utoto ule ulimgharimu nini. Hilo analijua mwenyewe.

Makaburi yao yapo Lacor, ndani ya ua wa hospitali. Moja ni la bibi Lucille. La pili ni la Dk. Matthew Lukwiya, Mwacholi waliyemlea kazini mpaka akawa mkuu wa hospitali. Mwaka 1989 waasi walipokuja kuwateka wauguzi, alijitoa achukuliwe yeye badala yao, akarudi salama. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu alibaki na wagonjwa, ikamwua tarehe 5 Desemba. La tatu ni la Piero, aliyezikwa kando ya mkewe mwaka 2003.