Usukani unatetemeka? Usikimbilie shokapu!

Leo nawageukia nyie wenye Land Cruiser mkonga. Ile shokapu ndogo iliyolala kwenye vyuma vya usukani, mafundi wetu wameigeuza dawa ya kila ugonjwa. Usukani ukitetemeka kidogo tu utasikia, "Bosi, lete hela ya shokapu." Kazi yake ni kupunguza mtikisiko tairi linapogonga shimo au kupasuka, na hapo kweli inakusaidia kuidhibiti gari. Lakini kama tairodi zimelegea, bushi zimekwisha au tairi halina balansi, shokapu mpya inaficha ugonjwa tu. Mtetemo unatulia, nawe unakanyaga mafuta, mara tairodi inachomoka! Fundi aingie chini, mwenzake azungushe usukani huku na huku. Kinachocheza ndicho kinunuliwe kwanza.