Kiango cha Waya cha Kutundikia Mavazi ya Manyoya

Leo sikuja na habari za vita wala za wafalme. Nimekuja na kipande cha waya, urefu wake futi 4 na inchi 6, nami nataka kuwaeleza namna ya kukikunja kiwe kiango cha kutundikia joho la manyoya. Najua wako watakaocheka, wakisema, "Je, mwalimu huyu hajui kwamba nchi yetu ni ya jua?" Na wacheke, lakini wasiondoke.

Wazee wetu wa pande za Mlima Kenya na za Kilimanjaro walivaa ngozi za mbega na za perere. Mbega, kama mjuavyo, ni kima mweusi mwenye manyoya meupe marefu mgongoni na mkiani, na vazi lake halikuwa la kila mtu, lilikuwa la heshima. Hata Wazungu walilitamani, kwani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ngozi za mbega zilisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya, zikashonwa kuwa mavazi ya mabibi. Mtu akitazama picha ya Jomo Kenyatta katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938, atamwona amejitanda vazi la manyoya begani. Mavazi ya namna hiyo yangaliko katika nyumba nyingi, ndani ya masanduku na juu ya misumari, nayo yanaharibika huku wenyewe wakiyatazama.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata mimi. Marehemu babu yangu aliacha joho la mbega, na baba mkubwa wangu akalirithi. Kwa muda wa miaka mingi lilitundikwa juu ya msumari mmoja ukutani, msumari ukipita chini ya ukosi. Siku ilipokaribia ya kumsimika mzee mpya wa ukoo, nilitumwa kulileta. Nalilishika kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikalivuta kidogo, na mara ngozi ikapasuka kutoka shingoni hata katikati ya mgongo, kama karatasi iliyokaa juani. Manyoya yakaanguka miguuni pangu. Nikasema, "Baba Mkubwa, nisamehe, nimeharibu." Akanijibu, "Hukuharibu wewe, mwanangu. Limekuwa likipasuka kila siku tangu tulipolitundika, ila leo ndipo tulipolisikia." Mzee yule alisimikwa akiwa amevaa blanketi. Hakuna aliyesema neno, lakini wote waliona.

Basi tuulize, msumari una kosa gani? Watazameni akina mama wanaobeba kuni kwa mkwa. Mkwa ule haukatwi mwembamba kama kamba, hukatwa mpana pale unapokaa kwenye kipaji cha uso. Naye achukuaye mtungi kichwani hutia kata kwanza. Mzigo haukupungua hata kidogo, walakini umeenea mahali papana, na kila sehemu ya mwili yachukua kidogo. Joho refu la manyoya laweza kuwa na uzito wa ratili 5 hata 8 au zaidi. Likitundikwa juu ya msumari, uzito huo wote huvuta mahali padogo kama ukucha. Likitundikwa juu ya kiango cha waya nyembamba cha dukani, chenye unene wa milimita 2, huvuta juu ya mstari mwembamba kama kisu, na baada ya miezi michache mabega huota pembe. Lakini mabega ya kiango yakiwa na upana wa milimita 50, yaani inchi 2 hivi, uzito ule ule umegawanyika mara 25.

Kiango cha waya chenyewe si kitu cha kale sana. Husimuliwa kwamba mwaka 1903, katika mji wa Jackson, Michigan, nchi ya Marekani, alikuwako mfanyakazi wa kiwanda cha vitu vya waya, jina lake Albert Parkhouse. Asubuhi moja alifika kazini akakuta vyango vyote vimejaa makoti ya wenzake. Akatwaa kipande cha waya, akakikunja pande mbili, akafanya na kulabu, akatundika koti lake. Baadaye, mwaka 1932, Schuyler Hulett wa nchi hiyo hiyo alipewa hati ya kuvika waya ile mirija ya karatasi ngumu, ili nguo zisifanye makunyanzi. Hulett aliona lile tulioona sisi katika mkwa na kata, kwamba waya peke yake ni nyembamba mno.

Sasa tuje kazini. Tafuta waya ya chuma laini yenye unene wa milimita 4, ile mafundi wanayoiita waya namba 8, iliyopakwa zinki isishike kutu. Waya ya miiba haifai hata ukiing'oa miiba. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini asitumie waya ya milimita 2 akaiweka mara mbili. Swali zuri. Unene wa waya ukiwa mara mbili, nguvu yake ya kukataa kupinda haiwi mara mbili bali mara 16, kwa kuwa 2 × 2 × 2 × 2 ni 16. Waya mbili nyembamba zilizowekwa pamoja hivi hivi zaongeza mara 2 tu. Ndiyo sababu kiango cha dukani huinama kama mwanzi chini ya joho, na hiki chetu husimama.

Kata inchi 54. Piga tupa ncha zote mbili hata zisikwaruze kidole. Kisha weka alama tatu kwa chaki. Alama ya kwanza iwe inchi 5 kutoka ncha moja, ya pili iwe inchi 24, na ya tatu inchi 43. Zitabaki inchi 11 upande wa mwisho, nazo ndizo za shina na kulabu. Kati ya alama ya kwanza na ya pili kuna inchi 19, na kati ya pili na tatu inchi 19 vile vile. Kila inchi 19 zitakuwa bega moja.

Twaa mchi wa kutwangia wenye unene wa inchi 2 na nusu hivi. Shika katikati ya zile inchi 19 za kwanza, uzungushe waya kwenye mchi hata alama ya kwanza na ya pili zikutane. Utapata umbo kama jani refu, limechongoka upande mmoja na kuviringana upande wa pili. Fanya hivyo hivyo kwa bega la pili, lakini jani hili lielekee upande mwingine, hata majani mawili yatazamane migongo, yakishikana pale katikati. Ukilaza kazi yako mezani itafanana na kipepeo, na upana wake wote utakuwa kama inchi 17. Usiwe na haraka. Waya iliyokunjwa na kunyoshwa mara nyingi mahali pamoja huchoka ikakatika.

Sasa kunja juu ncha mbili zilizobaki katikati, ile fupi na ile ndefu, zisimame pamoja. Zifunge kwa waya nyembamba ya kufungia, kuanzia pale majani yanapokutana na kupanda juu inchi 2, ukikaza kwa koleo kila mzunguko. Ncha fupi ikizidi, ikate na kuilaza ndani. Ncha ndefu izungushe kwenye mpini wa ufagio upate kulabu. Hapa wengi hukosea. Kulabu likiegemea upande, joho litalala upande, na bega moja litachukua mzigo wa mawili. Kiinue kiango kwa kidole kimoja, ukitazame kwa mbele. Mabega yakiwa sawasawa, kulabu liko mahali pake. Mwisho, inamisha kila bega taratibu, hata ncha yake ishuke inchi 2 na nusu kuliko katikati, kama mabega ya mtu yanavyoshuka. Bega la kiango lisilo na mteremko huinua ngozi pembeni na kuiacha shingo bila msaada.

Msitundike joho bado! Waya tupu haifai kugusa ngozi. Ngozi nyingi hulainishwa kwa maji ya magome ya miti, na dawa iliyomo ndani ya magome ikikutana na chuma katika unyevu hufanya weusi kama wino. Hakika wino wa kale wa kuandikia ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo zungushia waya vipande vya kitambaa, kisha jaza pamba juu na kati ya majani, hata bega liwe nene na laini, lenye kuviringana, lisilo na ukingo mkali popote. Halafu shona mfuko wa marikani nyeupe juu yake. Marikani hiyo ichemshwe kwanza hata wanga wake uishe, kwa maana wanga ni chakula cha mende. Usijaze sufu ya kondoo wala manyoya ya kuku, hata ukipewa bure. Wadudu wanaokula joho hula na hayo, nawe utakuwa umewatengenezea mlango. Magazeti nayo hayafai, kwani karatasi yake hugeuka kuwa kali na kuchafua.

Kabla ya kukiamini, kipime. Jaza mchanga ratili 10 katika mifuko miwili, uifunge kwa kitambaa kipana, uitundike begani mwa kiango usiku kucha. Asubuhi pima tena mteremko. Ukiwa umezidi nusu inchi, waya yako ni laini mno.

Tena si kila vazi litundikwe. Joho lililoshonwa lenye mabega litakaa vizuri. Lakini mavazi mengi ya wazee wetu hayana mabega, ni kama mgolole, hufungwa begani kwa fundo. Hilo ukilitundika juu ya kiango kwa siku mbili tatu watu walione, si neno, mradi umeligawanya nusu mbele na nusu nyuma. Baada ya hapo lilaze juu ya shuka safi, au lizungushe juu ya gogo lililovikwa pamba, manyoya yakitazama nje. Na vazi lililokauka hata likalia ukilikunja, lisitundikwe kabisa. Mafuta yaliyolilainisha zamani yameharibika, na hakuna kiango kitakachoyarudisha.

Mahali pa kulitundika pawe na giza kiasi, pakavu, mbali na jua la dirishani, kwa sababu mwanga hufifisha rangi na joto hukausha ngozi. Kulabu lisipakane na ukuta, uache inchi 3 hewa ipite. Usilifunike kwa mfuko wa plastiki, kwani unyevu hunaswa ndani na koga huota. Shuka ya pamba yatosha. Wazee walitundika vitu vyao darini juu ya moshi, nao moshi ule kweli uliwachukiza wadudu, ingawa masizi yalikula manyoya meupe. Huko Ulaya na Marekani mafundi wa manyoya huyaweka mavazi ya wateja wao katika vyumba vya baridi ya digrii 10 hivi wakati wa kiangazi. Sisi tusio na vyumba hivyo tuna macho. Nondo anayeruka hali kitu, mlaji ni buu lake dogo jeupe, nalo hupenda giza na utulivu. Kila mwezi likung'ute joho kivulini, ulipige brashi taratibu, utazame chini ya ukosi na katika mishono. Mwenye mashine ya kugandisha nyama na alifunge joho katika mfuko, alitie humo wiki mbili. Mfuko wa plastiki unafaa kwa kazi hiyo tu, na usifunguliwe mpaka baridi iishe.

Maneno mawili ya hadhari. Ngozi zilizopitia mikononi mwa wawindaji wa zamani au nyumba za makumbusho zilipakwa sumu ya aseniki mara nyingi. Ukiona unga mweupe, usiupulize, nawa mikono, watoto wasiguse. Tena mtu asiende msituni kutafuta mbega kwa ajili ya kiango changu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na aliye na ngozi ya urithi na awaulize maofisa wa wanyama pori hati inayompasa.

Joho la babu halikutupwa. Mama mmoja fundi wa cherehani alishona kitambaa chepesi cha pamba chini ya mpasuko wote, kwa mkono, akichoma sindano kitambaani na si katika ngozi iliyooza. Sasa lakaa juu ya kiango namba tatu, maana namba moja na mbili nilivikosea kulabu. Mwaka jana ukoo ulimsimika mzee mwingine. Baba mkubwa alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, akalitazama mbele na nyuma, akaligusa begani kwa kidole kimoja, akaniambia, "Lilete hivyo hivyo na chuma chako." Tukalichukua njiani juu ya kiango, limefunikwa shuka, wawili tukishika fimbo iliyopita ndani ya kulabu, nalo likavaliwa kwa muda wa saa moja, likarudi nyumbani likiwa zima.