Dakika mbili za mwanzo: wanafunzi wanavyopanga na kupiga filamu kwa kufuata kaida

Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha sita nchini Uingereza wanaosoma taaluma ya vyombo vya habari wamekuwa wakipewa zoezi lenye sura nyepesi: kutengeneza mwanzo wa filamu ambayo haitakamilika kamwe. Muda wanaopewa hauzidi dakika mbili, na ndani yake sharti yaonekane pia majina ya waigizaji na watengenezaji, kama ilivyo katika filamu yoyote ya sinema.

Zoezi hilo lilikuwa sehemu ya mtihani wa bodi ya OCR kuanzia mwaka 2008 hadi mageuzi ya mitaala ya mwaka 2017. Limeendelea kuwamo katika mtaala wa Cambridge International, unaofundishwa katika shule za nchi nyingi. Kwa hiyo vijana wengi wenye asili ya Afrika Mashariki wanaosoma ughaibuni wamelipitia, na wazazi wao wameshuhudia sebule zikigeuzwa mahali pa mauaji ya kuigiza, tena siku za wiki, huku chakula kikipoa mezani.

Katika mfumo wa OCR alama 100 ziligawanywa hivi: 20 kwa utafiti na mipango, 60 kwa filamu yenyewe na 20 kwa tathmini. Kwa mtazamo wa haraka mipango huonekana jambo dogo. Lakini filamu nyingi zilizopata alama duni hazikuharibiwa na kamera mbovu. Ziliharibika kabla kamera haijawashwa, pale kikundi kilipokuwa hakijaamua kinamwahidi nini mtazamaji.

Kaida ni ahadi

Wasomaji wa fasihi wanalijua neno utanzu: riwaya, tamthilia, ushairi. Filamu nazo zina tanzu zake, kama vile za kutisha, za taharuki, za mapenzi, za vichekesho na za mapigano. Kila utanzu una kaida zake, yaani mambo ambayo mtazamaji huyatarajia hata kabla ya kuambiwa. Giza, mlango uliofunguka wenyewe na sauti kali za fidla humwambia kwamba ameketi kutazama filamu ya kutisha. Hakuna aliyemfundisha darasani. Amejifunza kwa kutazama.

Afrika Mashariki haina haja ya kufundishwa jambo hili upya. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, watazamaji waliunda msamiati wao wenyewe wa kaida. Shujaa aliitwa steringi, na kila mtoto alijua kwamba steringi hafi. Wasimulizi waliofasiri filamu za kigeni papo kwa papo, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, walijipatia umaarufu kwa sababu waliwasomea watazamaji kaida hizo kwa sauti: huyu ndiye adui, yule atamsaliti rafiki yake, subirini muone. Wanachofanya walimu wa Uingereza ni kukipa elimu hiyo ya kibandani majina ya kitaaluma.

Mhakiki wa filamu wa Uingereza, Steve Neale, aliandika mwaka 1980 kwamba utanzu huishi kwa kurudia na kwa kutofautiana. Filamu inayorudia tu humchosha mtazamaji, na isiyorudia chochote humpoteza. Hapo ndipo ulipo ugumu wa zoezi la dakika mbili, maana mwanafunzi hana muda wa kumpoteza mtazamaji halafu akamtafute.

Walivyoanza wakubwa

Kabla ya kuandika chochote, wanafunzi huagizwa kuchunguza mianzo ya filamu zinazojulikana. Tatu kati ya hizo hutumiwa mara nyingi, na kila moja ina somo lake.

Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, inaanza na mistari inayokatiza skrini na kuyapasua majina ya watengenezaji, kazi ya msanifu Saul Bass, ikisindikizwa na fidla za Bernard Herrmann. Kisha unatokea mji wa Phoenix, na maandishi yanataja siku, tarehe, hata saa na dakika. Kamera inasogea polepole hadi kwenye dirisha la hoteli na kupenya chini ya pazia, kama mtu anayechungulia yasiyomhusu. Mpaka hapo hakuna damu wala kisu. Hata hivyo mtazamaji amekwisha kuambiwa kwamba kuna siri, na kwamba yeye mwenyewe amefanywa mchunguliaji.

Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975, inamwonyesha msichana akiogelea usiku na kuvutwa chini ya maji. Papa haonekani. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, na mwongozaji akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya filamu. Noti mbili za muziki wa John Williams ndizo zilizomwakilisha. Kwa mwanafunzi asiye na fedha, hili ni somo la thamani kuliko kifaa chochote cha kununua: kisichoonekana hakigharimu kitu, na mara nyingi hutisha zaidi.

Ya tatu ni Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, iliyotengenezwa kwa takriban dola 300,000, kiasi kidogo kwa Hollywood ya wakati huo. Inafunguka kwa mwendo mrefu wa kamera unaoonekana kama haukukatwa. Tunaona kupitia macho ya mtu asiyejulikana anayeizunguka nyumba, anayechukua kisu jikoni, anayevaa kinyago na kupanda ngazi. Baada ya mauaji kinyago kinavuliwa, na muuaji anageuka kuwa mtoto wa miaka sita. Kaida zote zimetumika, lakini jibu la swali la nani limepinduliwa. Hadithi ni ya majira ya majani kupukutika katika jimbo la Illinois, ilhali filamu ilipigwa California katika majira ya kuchipua. Watengenezaji walitawanya majani ya bandia yaliyopakwa rangi, kisha wakayakusanya na kuyatawanya tena kwa ajili ya picha iliyofuata. Haya nayo ni mambo ya mipango.

Viatu mlangoni

Makosa ya wanafunzi hufanana. Wengi hutaka kusimulia hadithi nzima ndani ya dakika mbili: msichana anafukuzwa, anakamatwa, anauawa, polisi wanafika. Wengine hutengeneza treila, yaani vipande vya kusisimua visivyofuatana. Mwanzo wa filamu si hiki wala kile. Kazi yake ni kufungua swali na kuliacha wazi.

Chukua mfano wa kikundi kinachotaka kutengeneza filamu ya taharuki juu ya mtu aliyevamia nyumba. Kaida ya Kimarekani ni nyumba kubwa iliyo peke yake, simu inayolia na kivuli dirishani. Kikundi kinaishi katika fleti za London, ambako kuta zimepakana na jirani anasikia kikohozi. Kuiga nyumba ya Marekani kutaleta kichekesho. Lakini kama wahusika ni familia ya Kiswahili, kuna jambo ambalo nyumba hiyo inalo na lile jumba la Marekani halina: viatu huvuliwa mlangoni.

Basi binti anarudi kutoka shuleni. Mama yake hufanya kazi ya zamu ya usiku, na nyumbani wanaishi wawili tu. Binti anafungua mlango, anavua viatu vyake na kuvipanga pembeni ya kandambili za mama. Anaelekea jikoni, anagusa birika la umeme ili achemshe maji, na kuuondoa mkono haraka: birika lina moto. Anageuka kutazama korido. Kamera inarudi mlangoni, chini kabisa, na kuonyesha jozi ya tatu ya viatu, mikubwa, ya kiume, yenye matope mabichi. Jina la filamu linatokea. Basi.

Hakuna aliyeuawa, wala hakuna aliyepiga kelele. Kaida za taharuki zimetimizwa: mtu peke yake, mahali panapodhaniwa kuwa salama, kitu kimoja kisicho mahali pake. Tofauti imetoka katika desturi ya nyumba yenyewe. Mtahini asiyejua Kiswahili hata neno moja ataelewa, na mtazamaji wa Tanga au Mombasa ataelewa zaidi. Haya ndiyo yanayofanya zoezi liwe na maana kwa kijana wa ughaibuni: hofu ya filamu si lazima iazimwe. Watengenezaji wa nyumbani walilitambua hilo mapema. Mussa Banzi wa Tanzania, aliyetengeneza filamu ya kutisha ya Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitumia imani za mizimu zilizokuwa zikijulikana na watazamaji wake.

Hesabu ya sekunde

Dakika mbili ni sekunde 120. Ikiwa kila picha itakaa sekunde nne, kikundi kinahitaji picha 30. Ikiwa majina ya waigizaji na watengenezaji ni kumi, na kila moja linahitaji sekunde tatu ili lisomeke, sekunde 30 zitakuwa na maandishi juu yake. Hiyo ni robo ya filamu. Asiyefanya hesabu hii mapema hujikuta akibandika majina juu ya uso wa mwigizaji wakati wa jambo muhimu kuliko yote.

Ndiyo maana huchorwa michoro ya picha kwa picha. Uzuri wa mchoro hauna umuhimu. Hata vijiti vinatosha. Kinachotakiwa ni kuonyesha kamera iko wapi, iko mbali au karibu, na mhusika anaelekea upande gani. Katika mfano wa viatu, picha ya jozi mbili mwanzoni lazima ipigwe kutoka pembe ileile itakayotumika mwishoni, la sivyo mtazamaji hatatambua kwamba kitu kimeongezeka. Mchoro hulifichua jambo hilo kwa dakika tano. Bila mchoro litagunduliwa wakati wa uhariri, matope yamekwisha kuoshwa na mwigizaji amenyoa nywele.

Majina nayo yana mpangilio wake. Kwa kawaida kampuni hutangulia, kisha waigizaji wakuu, na mwongozaji hutajwa mwisho kabisa. Wanafunzi hulisahau hili mara kwa mara, ingawa hawalipii kitu kulifuata.

OCR ilitaka pia kila mwanafunzi afanye zoezi dogo la awali: mtu afungue mlango, avuke chumba, aketi mbele ya mwenzake na wasemezane maneno machache. Nia ilikuwa kupima mambo ya msingi. Je, mkono ulioshika kitasa nje ndio ulioshika kitasa ndani? Je, kamera imebaki upande mmoja wa mstari wa kufikirika unaowaunganisha wazungumzaji, kwa ile kanuni inayoitwa ya nyuzi 180? Ikivukwa, wahusika wataonekana kama wote wanatazama upande mmoja, na mazungumzo yatapoteza mwelekeo.

Siku ya kupiga picha

Nchini Uingereza adui wa kwanza ni jua. Mwezi Desemba giza huingia London kabla ya saa kumi na moja jioni, na shule hutoka saa moja au mbili tu kabla ya hapo. Kikundi kinachoanza mchana na kumaliza gizani kitapata filamu ambayo saa zake hazieleweki. Njia salama ni kupiga ndani, kufunga mapazia na kutumia taa ambazo hazibadiliki.

Sauti hupuuzwa kuliko yote. Friji inayonguruma haisikiki kwa mtu aliye jikoni, lakini kinasa sauti huisikia. Wataalamu hunasa walau nusu dakika ya ukimya wa chumba kabla ya kuondoka, ili mhariri awe na kitu cha kuziba mapengo. Muziki pia una masharti: kanuni za OCR zilitaka kazi iwe ya wanafunzi wenyewe, isipokuwa muziki na milio isiyo na kizuizi cha hakimiliki. Wimbo maarufu wa msanii wa Bongo Fleva, hata ukifaa namna gani, ulikuwa nje ya masharti hayo.

Jambo moja halina mzaha. Kubeba bunduki bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa la jinai nchini Uingereza, na mpita njia anayewapigia simu polisi hajui kwamba vijana wale wako kwenye kazi ya shule. Kwa vijana weusi walio bustanini na bastola ya plastiki, dakika chache za kutoelewana zinaweza kuwa na madhara makubwa. Shule hudai fomu ya tathmini ya hatari kwa sababu kama hizi, na fomu hiyo si karatasi ya kujazia faili. Kikundi makini huhamishia tukio ndani ya jengo, huiarifu shule na polisi, au, vema zaidi, huiondoa bunduki kwenye hadithi na kuacha mlio wake usikike nje ya picha.

Filamu ikishahaririwa, hubaki tathmini. Swali la kwanza la OCR lilimtaka mwanafunzi aeleze ni kwa namna gani kazi yake imetumia, imeendeleza au imepinga kaida za filamu halisi. Walimu hupendekeza jaribio rahisi kabla ya kulijibu: filamu ionyeshwe kwa mtu asiyehusika, mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili kwa sauti bila picha, na kila mara aulizwe ni filamu ya aina gani na anadhani nini kitafuata. Akijibu swali la kwanza bila kusita na akasitasita katika la pili, kikundi kinaweza kuwasilisha kazi yake.