Kidirisha cha Hali ya Hewa: Tarakimu Ni ya Saa Ngapi?

Mwaka 1856, mjini Washington, Marekani, mwanasayansi Joseph Henry aliweka katika jumba la Taasisi ya Smithsonian ramani kubwa ya nchi. Habari za hali ya hewa zilipowasili kwa telegrafu, visahani vya rangi vilitundikwa juu ya miji: cheupe kwa anga safi, cheusi kwa mvua. Mvua ilipoonekana Cincinnati asubuhi, ilitazamiwa Washington jioni.

Kidirisha cha hali ya hewa kiwekwacho leo katika ubao wa kazi wa kompyuta ni kitukuu cha ramani ile. Chukua mfano wa waendesha winchi wa bandari ya Dar es Salaam. Programu yao huomba taarifa kutoka kwenye seva, ikaletewa maandishi ya mkato: HTDA 121200Z 08012KT. HTDA ni uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Upepo unatoka nyuzi 80, yaani karibu na mashariki, kwa mwendo wa maili 12 za baharini kwa saa, takriban kilomita 22. Kipimo kilichukuliwa tarehe 12, saa 12:00 kwa saa za kimataifa. Hapo pana mtego, kwa maana saa hiyo nchini Tanzania ni 15:00, nayo kwa Mswahili ni saa tisa alasiri. Akiachiwa tarakimu tupu ataidhania magharibi au alfajiri.

Hatari kubwa zaidi hutokea mtandao unapokatika. Kidirisha kilichoundwa kwa uzembe huendelea kuonyesha upepo ule ule mtulivu, huku tufani imekwisha kuingia na kontena linaning'inia hewani. Afadhali kidirisha kitupu. Kwa hiyo saa iandikwayo na iwe ya upimaji, si ya kupokea taarifa, na tarakimu iliyochakaa ifutwe. Kuomba taarifa kila sekunde, kama wafanyavyo wengi, hakuongezi kitu: viwanja vya ndege kwa kawaida hutoa taarifa kila saa au nusu saa.

Tena, uwanja wa ndege si bandari. Upepo wa taarifa hizo hupimwa kwa kawaida mita 10 juu ya ardhi, ilhali mkono wa winchi hupanda juu zaidi, penye upepo mkali. Kuamua kusimamisha kazi ni juu ya kipimaupepo kilichofungwa kwenye winchi yenyewe.